Mahubiri Tuliyoyaitikia Kabla ya Wakati

Neema na Yona, mmeniomba niwaandikie namna ya kazi ya kusoma mahubiri, kwa kuwa sasa kitabu kiko kwenu na mimi nimepumzika. Naandika, lakini msitegemee maneno ya mtu anayeelewa. Kitabu kile nimekisoma mpaka kona za kurasa zimelika kwa kidole changu, na siku nilipokiacha nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko siku nilipokipokea. Labda ninyi mtakiweza, mmefika kidato cha nne. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo nalo nililisoma huku nachunga ndama.

Habari za vyeo sitaandika. Katika kazi yetu cheo ni kupewa ufunguo wa kanisa, na mlango wenyewe mnajua hata kijiko kinaufungua.

Kwa wale watakaosoma na si wa kwetu: mtaa wetu wa kanisa uko juu ya kijiji cha Daudi, kwenye ukungu. Mchungaji ana mitaa mingi, huja kwa pikipiki, na mvua ikishika barabara haji. Jumapili asipokuja, mahubiri husomwa kitabuni. Ni mahubiri ya mhubiri mmoja wa zamani sana, wa nchi ya mbali, yaliyotiwa Kiswahili na watu ambao nao wameshakufa. Jina lake lilikuwa ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa kwanza uliliwa na panya kabla yangu. Hilo nalo linanisumbua. Nakumbuka jina la kila mtu niliyemsomea, hata watoto waliokuwa mgongoni, lakini jina la huyu aliyenisemesha miaka yote silijui.

Nilianza kama mfagiaji. Kazi yangu ilikuwa kutoa kinyesi cha popo, kupanga mabenchi, na kugonga ile ringi ya lori inayoning'inia nje, ambayo sisi tunaiita kengele na wageni wanauliza lori liko wapi. Msomaji alikuwa Mwinjilisti Paulo Gwandu, mtu mrefu, mpole, kifua kibovu. Jumapili moja ya baridi nilimkuta ameshika koo, sauti imekauka kabisa. Akaninong'oneza, "Martina, wewe unajua kusoma."

Nikamwambia, "Nilifika la nne tu, Mwinjilisti."

"Inatosha. Aliyeandika ni marehemu, hatakuuliza maswali."

Basi nikasimama kwenye meza na kanga yangu ya kufagilia bado iko kiunoni. Pembeni yangu alisimama Mzee Tarmo, mzee wa kanisa, ambaye kazi yake ilikuwa kuyaweka maneno kwa Kiiraqw, maana wengi wetu Kiswahili tunakijua cha sokoni, si cha mbinguni. Sentensi ya kwanza kabisa niliyosoma ilisema: kama nilivyowaambia Jumapili iliyopita. Mzee Amnaay, ambaye alikuwa hakai benchi la mbele ila kwa ajili ya kusema kitu, akauliza kwa sauti, "Jumapili iliyopita huyu si alikuwa anafagia?"

Watu wakacheka. Mzee Tarmo akamtolea macho. Nikaendelea. Mbele kidogo mhubiri akasema habari za theluji iliyofunika paa za nyumba. Mzee Tarmo akaniangalia, mimi nikamwangalia. Akawaambia watu ni mvua ya mawe. Wenye mashamba ya maharage wakasikitika sana, na nadhani siku hiyo walibarikiwa kwa jambo ambalo halikuandikwa.

Paulo alinifundisha kazi yenyewe baadaye, tumekaa nyuma ya jiko lake. Alisema, "Usikisome kwanza kanisani. Kisome nyumbani asubuhi, ukishakamua ng'ombe, kabla watu hawajakuita. Soma kwa sauti, kwa ajili yako. Neno lisilokugusa wewe, usimbebeshe mwingine." Ndivyo nilivyofanya. Maharage yakiwa jikoni, mimi na mhubiri wangu tunaongea, yeye kwa kitabu, mimi kwa mdomo. Vyombo vya kazi vilikuwa hicho kitabu, miwani ya marehemu mama mkwe, na debe la kukihifadhia lisiloingiza panya. Jalada lilipoachia nililishona kwa uzi wa magunia. Mkiona limekaza upande mmoja, ni mimi, msilaumu kiwanda.

Na hapo ndipo kuchanganyikiwa kulipoanza. Huyu mtu Jumapili moja anakwambia umwogope Mungu mpaka magoti yagongane. Ukigeuza kurasa chache anakwambia mtoto hamwogopi baba yake, mbona wewe unatetemeka? Nikampelekea Paulo mahubiri yote mawili, nikaweka kidole hapa na kidole pale.

"Mwinjilisti, tufuate lipi?"

Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. "Na mimi sijui, Martina."

"Sasa wewe unafanyaje?"

"Nasoma lile la wiki hiyo."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nilidhani mwinjilisti ni mtu anayejua. Lakini pia, sijui kwa nini, tangu siku ile nilianza kukisoma bila kuona aibu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika. Ili mlielewe lazima niseme kuhusu kuitikia. Kwetu Wairaqw mzee akiomba baraka, ile tunayoiita slufay, anasema neno moja moja kwa mwendo wake, na watu wote wanaitikia pamoja kila baada ya neno. Yeye anatoa, watu wanafunga. Neno lisiloitikiwa ni kama gunia lisiloshonwa, linamwagika njiani. Mzee Tarmo alikuwa hodari wa slufay tangu kabla ya ubatizo wake, na kidogo kidogo mahubiri yale yakaingia katika mwendo huo. Mimi nasoma sentensi, yeye anaiweka Kiiraqw kwa kuikata vipande, na kanisa zima linaitikia, kwa Kiswahili ni kama kusema: na iwe hivyo. Wachungaji wageni walishangaa. Mmoja kutoka mkoa mwingine alisema hajawahi kuona mahubiri yanayoitikiwa kama ngoma. Sisi tulipenda. Hata popo walihama.

Nje ya dirisha la upande wa kaburini, miezi hiyo, palikuwa panakaa Bibi Elizabeti. Alikuwa na kigoda chake na mgolole mweusi. Ndani haingii. Zamani alikuwa mwimbaji wa mstari wa mbele, ila mwanawe Daniel aliposombwa na maji ya korongo akivusha mbuzi, Elizabeti alimnyamazisha mchungaji pale pale kaburini mbele ya watu, akasema maneno yake kwa Mungu, akaondoka. Hakutengwa na mtu, alijitenga mwenyewe. Watu wakaacha kumwita Mama Daniel kwa kuogopa. Wakaanza kumwita Bibi Elizabeti, wakati hata mvi hana.

Sasa alikuwa amezeeka kweli, na tumbo lilikuwa linamwuma kwa namna ambayo zahanati walimwambia aende hospitali kubwa, naye akasema hana haja. Nilimpelekea maziwa. Akaniambia bila mimi kuuliza, "Nakaa pale dirishani namsikiliza huyo mzungu wako. Nataka kujua kama na mimi nimo. Nikisikia nimo, nitaingia. Nisiposikia, mnizike huku kwangu, msinipeleke kwenye kaburi la kanisa."

"Kwa Daniel je?"

"Kwa Daniel kuna kanisa," akasema.

Basi mjue mzigo niliokuwa nao kila Jumapili. Nilikuwa napitia kitabu asubuhi natafuta yatakayomwingiza. Nikayapata. Mahubiri yanayomhusu mtu aliyechelewa. Niliyasoma jikoni mpaka maharage yakaungua, nikalia kidogo, nikasema ndiyo haya. Sikuona kitu kingine.

Namna yalivyo ni hivi, na mtayakuta karibu na mwisho wa kitabu. Mhubiri anaanza kwa kumsemea mtu mwingine. Anasema, labda yuko hapa mtu anayejiambia moyoni: nimechelewa, mlango umefungwa, Mungu amenichoka, na mimi nimemchoka. Anaendelea hivyo kwa kinywa cha huyo mtu ukurasa mzima, kwa uchungu. Ukigeuza, ndipo anamjibu.

Nikasoma. Mzee Tarmo akapokea. Lile neno la mwanzo la kwamba labda yuko mtu, alilisema mara moja tu, upesi, halafu akaingia katika mwendo wake.

"Nimechelewa," akasema kwa Kiiraqw.

Kanisa zima, "Na iwe hivyo!"

"Mlango umefungwa."

"Na iwe hivyo!"

"Mungu amenichoka."

"Na iwe hivyo!"

Nawakumbuka wote walioitikia. Amnaay na mkewe Paskalina, Safari fundi baiskeli, Mama Bura na wakwe zake, Veronika wa kinu, Massay kiziwi ambaye huitikia kwa kuangalia midomo ya wenzake. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Waliitikia kwa sababu mzee anatoa neno, na neno linatakiwa lifungwe. Niliendelea kusoma, maana msomaji hana mahali pa kusimama katikati ya ukurasa. Nikatupa jicho dirishani. Elizabeti alikuwa amesimama, kigoda mkononi. Kabla sijageuza ukurasa, dirisha lilikuwa tupu.

Majibu tuliyasoma. Watu wakaitikia mpaka vumbi likatoka kwenye mbao. Aliyekuwa akijibiwa alikuwa ameshavuka shamba la ngano.

Baada ya ibada tulibaki nyuma ya kanisa tunabishana.

"Mimi nimesema kilichoandikwa," Mzee Tarmo akasema. "Au siyo, Martina?"

"Shikamoo mzee, ndiyo, kimeandikwa."

"Usiniamkie mara mbili kwa siku moja, jibu."

"Kimeandikwa, lakini si yeye aliyekuwa anasema. Alikuwa anamsemea mtu."

Amnaay akaingilia, "Sasa sisi tutajuaje? Wewe unasoma, mzee anatoa, tunaitikia. Tuanze kuuliza kila neno, hili la nani na hili la nani? Tutatoka kanisani Jumanne."

Paulo, na sauti yake ile ya kukwaruza, akauliza swali moja tu: "Elizabeti amesikia mpaka wapi?"

Akaniambia, "Nenda."

Nikaenda na kitabu, debe lake na kila kitu. Nilimkuta uani anakata mikia ya vitunguu saumu, kisu kinakwenda upesi upesi.

"Shikamoo, Mama Daniel."

Kisu kikasimama. "Marahaba. Hilo jina nani kakupa ruhusa?"

"Ndilo ninalolikumbuka."

"Mmekuja kufunga tena, au hamkumalizia?"

Nikajieleza. Nikamwambia yale yalikuwa maneno ya mtu mwingine, mhubiri aliyaleta ili ayajibu.

"Mtu gani?"

"Hajasema. Mtu tu."

"Huyo mzungu alikufa lini?"

"Zamani. Kabla ya bibi zetu, nafikiri."

"Basi nieleze, maana wewe ndiye msomaji. Nimemchoka na yeye amenichoka, hayo nimeyasema mimi, pale kaburini, kwa mdomo huu. Kayapata wapi?"

Nikamwambia, "Sijui, Mama Daniel." Nikafungua ukurasa wa majibu, nikasema, ngoja nikusomee yaliyofuata. Akaweka mkono wake unaonuka vitunguu juu ya karatasi.

"Usisome. Wewe peke yako na miwani ya mama mkwe wako utafungua kilichofungwa na kanisa zima? Mimi ni Mwiraqw kama wewe. Neno limeitikiwa. Limeitikiwa na watu wote, na Massay kiziwi akiwemo."

Nikarudi nikawaeleza. Nilidhani Paulo atasema huo ni ushirikina, mtu anaokolewa kwa neema na siyo kwa kuitikiwa. Alisema hivyo kweli. Halafu akamwuliza Tarmo, "Mzee, kwenye slufay neno baya likiitikiwa kwa makosa, wazee hufanya nini?"

Tarmo akakuna kidevu. "Wanarudi. Watu wale wale, kwa huyo liliyemwangukia. Linasemwa tena, na safari hii hawaitikii. Linaachwa lianguke. Halafu ndipo jema linafuata." Akaongeza, "Lakini hiyo siyo ya kanisani."

"Jumapili ijayo," Paulo akasema, "kanisa litakuwa kwa Elizabeti."

Sikujua na sijui hadi sasa kama ilikuwa sahihi. Mchungaji aliposikia alitikisa kichwa, ila hakutuandikia barua. Tulibeba mabenchi kichwani kupitia shamba la ngano, Safari akaisukuma meza kwa baiskeli. Elizabeti alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, amejifunga mgolole mpaka kidevuni, amekonda. Hakutukaribisha, hakutufukuza. Alisema tu, "Msikanyage vitunguu."

Mzee Tarmo akawaonya watu: "Ukurasa wa kwanza, kimya. Mtu asitoe hata kikohozi." Nikasoma. Akatoa.

"Nimechelewa."

Kimya. Hamjui kazi waliyokuwa nayo. Midomo ilikuwa inajifungua yenyewe. Nilimwona Paskalina amemshika mumewe Amnaay sikio, na mzee mzima ametoa macho kama mtu anayezuia chafya.

"Mlango umefungwa."

Kimya. Ng'ombe mmoja akalia zizini, Mama Bura akamgeukia kwa hasira.

"Mungu amenichoka, na mimi nimemchoka."

Kimya. Nilisikia maneno yale yakianguka moja moja kwenye ua ule, hayana wa kuyaokota. Elizabeti alikuwa anatazama chini, pale yalipokuwa yanaangukia.

Nikageuza ukurasa. Sasa ni majibu. Mhubiri anasema kwa kinywa chake mwenyewe: ungekuwa umechoshwa naye kabisa, usingekuwa unamwambia. Mzee Tarmo akaitoa vizuri kuliko siku zote.

Na watu kimya!

Walikuwa wamechanganyikiwa, maskini. Wameonywa sana, wakaogopa. Hakuna aliyejua kama sasa inaruhusiwa. Amnaay anamwangalia mkewe, mkewe anamwangalia Tarmo, Tarmo ananiangalia mimi, na mimi naangalia kitabu. Massay kiziwi anazungusha macho kwenye midomo ya watu wote, hakuna mdomo unaocheza. Tarmo akasema tena neno lile lile. Kimya. Nikawaza, Bwana, basi safari hii tumelimwaga lile jema.

Ndipo sauti ikatoka kwenye kigoda, nyembamba, ya mtu aliyekuwa mwimbaji wa mstari wa mbele.

"Na iwe hivyo," Elizabeti akasema.

Peke yake. Halafu akainua kichwa, akatuangalia kama mtu anayewasubiri waliochelewa shambani. "Na nyie mna nini? Mmekufa?"

Wakaitikia. Sitaandika namna walivyoitikia, sina maneno ya la nne wala ya kidato.

Jumapili iliyofuata aliingia ndani, akaketi mbele na kigoda chake mwenyewe kwa sababu benchi letu alisema lina msumari. Jumapili alizobakiza alikuja zote, ila mbili za mwisho aliletwa kwa machela. Amelala kwa Daniel. Paulo naye amelala, na Mzee Tarmo, na Amnaay ambaye alizikwa huku watu wanacheka wakikumbuka maneno yake.

Ninyi mtaniuliza, nini kilichomfungua? Kitabu, au watu, au yeye kujiitikia? Nimeyasoma mahubiri yale kila mwaka tangu siku hiyo, na kila mwaka nilikuwa na jibu jingine. Mchungaji wetu wa sasa aliniambia kwamba kusoma mahubiri ya wazee wa zamani kunamkuza mtu kiroho. Nikamwuliza, mtu akikua si anaelewa zaidi? Akacheka, akaniambia, "Bibi, hilo niulize nikistaafu."

Sasa naishi Dirma kwa binti yangu Agnes. Huku ni joto, na ibada yao ina spika. Yona, zile kurasa ulizonipigia picha kwa simu ukazichapisha ninazo, nimezitia kwenye debe dogo la majani ya chai. Asubuhi ng'ombe wakishakamuliwa nakaa jikoni, nasoma kwa sauti kama alivyonifundisha Paulo. Nikifika kwenye maneno ya yule mtu, nasoma polepole, nanyamaza baada ya kila moja, nayaacha yaanguke. Mengine siku hizi ni yangu kabisa. Huyo mhubiri ameyapata wapi, sijui.

Kisha nageuza ukurasa, nasoma jibu, nangoja. Hakuna Tarmo, hakuna Massay. Agnes yuko bombani, wajukuu wako shule. Huwa nangoja kidogo, nikidhani labda yupo mtu. Halafu naitikia mwenyewe.